Mabomu ya Makaburu na Kiwanda Chetu

Newala,
Jumapili jioni

Mwanangu Editha,

Umeenda Nanganga kumuaga bibi yako kabla ya safari ya chuoni, na baba yako bado yuko shambani anahangaika na salfa ya mikorosho, kwa hiyo nyumba imetulia nami nimepata nafasi ya kukuandikia. Sitaandika habari za kula vizuri, kulala mapema na kuchagua marafiki. Hayo nimekuambia tangu ukiwa mdogo mpaka ukayachoka, na kama hayakukuingia basi hayataingia leo. Nataka kukueleza kwa nini juzi niliinuka nikaacha ugali wangu ukapoa.

Ulikuwa unamsimulia baba yako jinsi India na Pakistani walivyolipua mabomu ya nyuklia mwaka huu, na jinsi mataifa makubwa yalivyokuja juu na kuwawekea vikwazo. Baba yako akauliza huku anatafuna, kama kawaida yake, "Sasa hivyo vikwazo vinazuia nini, kama bomu limeshalipuka?"

Ukamjibu bila kusita. "Vinazuia, baba. Afrika Kusini ndiyo mfano. Makaburu walikuwa na mabomu, dunia ikawabana kwa vikwazo na diplomasia, wakayavunja wenyewe. Hata vitabu vinasema."

Hapo ndipo niliponawa mikono. Ulidhani nimekasirika kwa sababu umenizidi elimu, nikakusikia ukimnong'oneza baba yako hivyo. Sivyo, mwanangu. Nilishikwa na kinyaa ambacho nimeishi nacho miaka kadhaa sasa, na sikutaka kukitapika mbele ya chakula.

Unajua kwamba nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha korosho. Unalikumbuka koti langu la bluu, na harufu ya mafuta ya maganda niliyorudi nayo kila jioni, mpaka ukakataa nikubebe kabla sijaoga. Usichokijua ni kwa nini kiwanda kile kilisimama mwaka ule ulipokuwa darasa la tano. Na huwezi kukielewa hicho bila kumkumbuka mjomba wako Damiani, mdogo wangu.

Damiani alikuwa mwanajeshi. Alipelekwa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, kupambana na waasi waliokuwa wakichoma zahanati na shule. Alipokuja likizo aliketi hapa kibarazani akavua viatu, akaniambia, "Dada, wale watu wengine hawana hata ndala, lakini redio zao za mawasiliano ni mpya. Unadhani nani anawapa?"

Nikasema sijui.

"Makaburu. Wao wenyewe hawaji. Wanawalipa wengine waje watuue."

Akarudi kazini, akakanyaga bomu la ardhini. Tulipokea begi lake. Ndani mlikuwa na shati, kipande cha sabuni na sweta, na bibi yako alilifua lile shati akalipiga pasi kana kwamba mwenyewe atakuja kulivaa Jumapili. Basi usidhani vikwazo dhidi ya Makaburu nilifundishwa na redio. Niliposikia watu wanakataza kununua vitu vyao, nilisema moyoni, hata pini yao isiingie nyumbani kwangu.

Wakati huo viwanda vingi vya korosho huku kwetu vilikuwa vimeshakufa kwa kukosa vipuri, maana fedha za kigeni hazikuwepo. Chetu kilikuwa kinakohoa tu. Mashine za kubangulia zilikuwa zimekwisha beringi, na mafundi walikuwa wanazifunga kwa mbinu ambazo hata wao walikuwa wanaziogopa. Siku moja likaletwa kasha la mbao kutoka Mtwara. Kiwanda kizima kilifurahi. Wanawake wa kwenye mkanda wa kuchambulia walikuja mpaka mlango wa stoo kulitazama kama watu wanaotazama mtoto mchanga.

Kazi yangu ilikuwa kufungua, kuhakiki na kupokea. Nikafungua. Nikachukua beringi moja, nikaifuta grisi kwa kitambaa, na kwenye chuma chenyewe nikasoma kwa Kiingereza: imetengenezwa Afrika Kusini.

Nikaenda nayo kwa meneja mkononi, grisi inanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa mtu mpole, msomi, hakuwa mwizi. Alifunga mlango kwanza.

"Mama Editha, juu ya kasha pameandikwa nchi gani?"

Nikamtajia. Ilikuwa nchi nyingine kabisa.

"Basi wewe pokea kilichoandikwa juu ya kasha."

"Na chini ya grisi, bwana meneja?"

"Chini ya grisi hakuna anayesoma."

Sikupokea. Nilipeleka habari kwenye kamati ya wafanyakazi, na kamati ikaita mkutano uwanjani, kiwanda kizima. Kijana mmoja wa karakana alisimama akasema Makaburu wanatengeneza bomu la nyuklia kwa siri, ulimwengu mzima unashuku, na kila kipuri tunachonunua kwao tunawachangia. Kisha wakaniita mimi. Nilizungumza juu ya Damiani. Sikuzungumza sana, lakini nilipomaliza watu walikuwa wamesimama. Mama Zuhura, ambaye unamjua, niliyekuwa nikipanga naye foleni ya maji na ya chumvi, alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Kasha likapigwa misumari upya na kufungiwa stoo. Meneja akaahidi kutafuta beringi kwingine. Wafanyakazi wakaambiwa wakapumzike nyumbani wiki chache. Mimi nilibaki kwa kuwa stoo haiwezi kuachwa, na mshahara wangu ukaendelea kuja, ukichelewa lakini ukija. Hilo ulizingatie. Aliyesema hapana kwa sauti kubwa kuliko wote hakukosa mshahara.

Wiki zikawa miezi. Beringi nyingine hazikuja. Wanawake waliokuwa wakichambua korosho walirudi kwenye majembe, na wasiokuwa na shamba walianza kuteremka bondeni alfajiri kuchota maji na kuyapandisha huku juu kuyauza. Mama Zuhura alikuwa mmoja wao. Mumewe alikuwa ameondoka siku nyingi, shamba lilikuwa la wakwe. Wewe unaijua ile njia ya kuteremkia bondeni, na unajua inavyokuwa kuipanda na ndoo kichwani. Yeye aliipanda na mtoto mgongoni.

Jioni moja alikuja hapa mlangoni. Hakutaka kuingia.

"Mama Editha, lile kasha bado lipo?"

"Lipo."

"Na bomu lao limesimama?"

Nikamwambia, ndugu yangu, mambo haya ni ya muda mrefu, dunia nzima inawabana, tuvumilie.

"Dunia nzima ipi? Mimi naona wamenibana mimi." Akamhamisha mtoto kutoka bega hili kwenda lile. "Kaburu amekosa nini mpaka leo? Niambie. Amekosa uji?"

Nilimwambia asubiri nimpe unga. Akasema hakuja kuomba unga, akaondoka.

Baada ya hapo ndipo Zuhura alipoacha shule. Uliniuliza kwa nini rafiki yako haji tena, ukalia siku kadhaa, nami nikakuambia amekwenda kuishi kwa shangazi yake Chiungutwa. Ni kweli alikwenda Chiungutwa. Alikwenda kuolewa, na alikuwa mtoto kama wewe, amekupita kidogo tu. Mama yake alipokea mahari, wale wadogo wakala. Ukiniuliza hata sasa kama nilikosea kukataa lile kasha, nitakuambia sijui. Nikimfikiria Damiani, naona nilifanya sawa. Nikimfikiria Zuhura, nataka kujificha. Nimezeeka nikiwa na majibu mawili na hakuna hata moja lililomfukuza mwenzake.

Kasha lenyewe lilitoweka. Meneja yule alihamishwa, akaja mwingine, na siku moja nilirudi kutoka likizo nikakuta mahali lilipokuwa pamefagiliwa vizuri. Fundi mmoja aliniambia zile beringi ziko kwenye mashine ya unga ya mtu binafsi, mbali huko, zinazunguka vizuri kabisa.

Halafu zikaja enzi za ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka ya Masasi yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tumesahau hata majina yake. Na siku moja nikiwa hapa jikoni naosha mbaazi, redio ikatangaza kwamba rais wa Makaburu ameliambia bunge lao: ni kweli, tulitengeneza mabomu ya nyuklia, tulikuwa nayo sita, na tumekwisha kuyavunja. Alisema hivyo tu, kama mtu anayesema alikuwa na mbuzi akawauza.

Nilikaa chini. Nilihesabu miaka kichwani. Siku ile tunapiga makofi uwanjani, mabomu yalikuwepo. Siku Mama Zuhura anasimama hapa mlangoni, mabomu yalikuwepo. Vyuma, mitambo, wataalamu, vyote walivipata, na wengine waliowauzia walikuwa ni wale wale waliokuwa wakisimama kwenye mikutano mikubwa kuwalaani. Sisi wa Newala, tusiokuwa na kitu, ndio tuliokuwa waaminifu kwa vikwazo. Wakubwa walikuwa na mlango wa nyuma.

Ungedhani kinyaa changu kinatoka hapo. Hapana, hapo nilikuwa na hasira tu. Kinyaa kilikuja baadaye, na kilikuja kwa miguu.

Kiwanda kilipowekwa kwenye orodha ya kuuzwa, mnunuzi mmoja alimtuma fundi kuja kutazama mashine kama zina faida yoyote. Mimi nilikuwa nimebaki na walinzi wawili, natunza funguo. Gari likasimama, akashuka Mzungu mwenye mvi, kaptura na soksi ndefu, pamoja na kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa wakala wa mnunuzi. Kijana akanisalimu, "Shikamoo mama, huyu mgeni wetu ametoka Afrika Kusini."

Kiingereza changu cha shule ya misheni bado kilikuwepo, kwa hiyo nilimtembeza mwenyewe. Alikuwa mtu wa heshima, mwanangu. Ningependa nikuambie alikuwa mkatili, ingekuwa rahisi. Alizigonga mashine kwa vidole, akainama chini yake, akaniuliza zilisimama lini na kwa nini. Nikamwambia zilisimama kwa kukosa beringi.

"Beringi tu?" akashangaa. "Hizi sisi tulikuwa tunazitengeneza kwa wingi."

"Najua. Ziliwahi kufika hapa. Nilizikataa kwa sababu mlikuwa mnatengeneza bomu."

Yule kijana wa Dar alikohoa, akataka kubadilisha mazungumzo. Mzee akamzuia kwa mkono. Akaketi kwenye ukingo wa mkanda wa kuchambulia, pale pale Mama Zuhura alipokuwa akikaa.

"Mimi nilikuwa fundi wa chuma," akasema. "Tulikuwa tunaletewa michoro ya serikali, tunakata vyuma, hatuulizi ni vya nini. Baadaye nilijua baadhi vilikwenda huko."

Nikamuuliza, "Vikwazo havikuwazuia?"

"Vilitugharimu. Kitu kilichelewa, kikaja kwa njia nyingine, kwa bei kubwa zaidi. Kilichokosekana kabisa, tulijifunza kukitengeneza."

"Sasa kwa nini mliyavunja, kama hamkuzuiwa?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Mama, wewe ungeyaacha? Huku unajua nyumba inakwenda kukabidhiwa nani?"

Alisema hivyo akinitazama mimi, mikono yangu, uso wangu, bila chuki hata kidogo. Bomu lilikuwa salama mikononi mwao miaka yote ile. Likawa la hatari siku walipojua kwamba watu wa rangi yangu ndio watakaokuja kushika funguo. Hiyo ndiyo diplomasia iliyolivunja, kwa maneno ya mtu aliyelikatia vyuma. Na kisha akaniuliza kama kuna maji ya kunawa. Nikamletea ndoo. Alinawa mpaka kwenye viwiko, na yaliyobaki akayamwaga chini, kwenye sakafu ya saruji, maji ya bondeni yale. Hakufanya kwa ubaya. Hakujua tu. Nikaiokota ndoo tupu, na hapo ndipo kinyaa kilipoanza.

Lakini sitakudanganya kwa kukupa nusu ya habari. Alipokuwa anaondoka, mguu mmoja umeshaingia garini, alisema neno jingine ambalo nilikaa nalo muda mrefu bila kumwambia mtu. Alisema, "Mama, beringi zenu hazikutuumiza. Kilichotuumiza ni kwamba hakuna aliyetaka kucheza mpira na sisi. Mwanangu wa kiume alitembea nchi za watu, kila aliposema anakotoka watu walimgeuzia mgongo. Akarudi akaniuliza, baba, sisi ni watu gani? Akakataa kwenda jeshini. Hapo ndipo nilipoanza kuchoka."

Kwa hiyo kuna kitu kilifika. Mahali fulani, kwenye nyumba ya yule mzee, kule kukataliwa kuliingia. Wewe utaijua vizuri kuliko mimi tofauti ya kumnyima mtu heshima mbele ya mtoto wake na kumnyima Mama Zuhura kazi. Mimi niliyaona yote mawili yakiitwa kwa jina moja.

Jioni ile ile nilikwenda kwa Mama Zuhura. Hatukuwa tumeketi pamoja tangu siku ile ya mlangoni, tulikuwa tunaamkiana njiani tu. Nikamkuta anaanika mihogo. Nikamweleza yote isipokuwa lile neno la mwisho: fundi, michoro, mabomu sita, na sababu ya kuyavunja. Alisikiliza bila kuacha kugeuza mihogo.

Nilipomaliza akasema, "Mama Editha, mimi sikuwahi kuwa na ugomvi na Kaburu. Simjui. Ugomvi wangu ulikuwa na wewe."

"Najua. Sasa umekwisha?"

"Haujaisha." Akasogea kwenye mkeka. "Lakini kaa."

Nikakaa. Mpaka leo nakwenda pale kila wiki, na mpaka leo haujaisha.

Sasa unanielewa kwa nini nilinawa mikono. Nasikiliza redio hiyo hiyo na wewe. Wairaki wamewekewa vikwazo miaka na miaka ili mtawala wao asitengeneze mabomu, na tunaambiwa mtawala anajenga majumba huku watoto wa wenzake wanakosa dawa hospitalini. Wahindi wamelipua bomu, wamewekewa vikwazo, na malori ya korosho zetu ghafi hayajasimama hata siku moja, yanazishusha bandari ya Mtwara zipelekwe huko huko India, wakati viwanda vyetu vinakaa na popo. Na wanaokaripia kuliko wote ni nani? Ni wenye mabomu mengi kuliko wote, wameyalalia kama kuku, halafu wanasimama kumkataza jirani asitage. Nikiwasikia wakisema neno amani natamani kuizima redio, ila betri nimenunua kwa tabu, naacha niwasikilize.

Baba yako anasema kinyaa changu kingenitosha kukuzuia usiende kusomea hiyo diplomasia. Nilifikiri hivyo pia, wiki nzima. Lakini nikajiuliza, tukiacha kuzungumza nao na tukiacha kuwabana, tunabaki na nini? Tunabaki na kina Damiani kwenda kukanyaga mabomu. Hilo silitaki kuliko yote. Kama kuna njia ya tatu mimi sikuiona nikiwa stoo, na labda haionekani kutoka stoo. Nenda ukaitafute. Na ukiwa kwenye chumba cha watu wenye tai, wakaanza kupanga nani anyimwe nini, naomba kinyaa hiki nilichokupa kikukae kooni kidogo. Kisikuzuie kusema. Kikuzuie tu kupiga makofi upesi, kama nilivyopigiwa mimi.

Kesho tutakusindikiza stendi. Mama Zuhura ameniambia naye atakuja, anataka kukuona kabla hujaondoka, na Zuhura ametuma salamu kutoka Chiungutwa; ana watoto watatu sasa, wa kwanza ameanza shule. Mwamkie mama yake shikamoo, kwa magoti, na umtazame usoni. Usijifanye hujui yaliyompata Zuhura. Atakuuliza unakwenda kusomea nini, maana ameniuliza mimi mara mbili nikashindwa kumjibu. Usimtajie diplomasia wala mahusiano ya kimataifa. Mwambie kwa maneno ya nyumbani kwamba unakwenda kujifunza namna ya kuwazuia watu wabaya wasipate mabomu. Halafu usipande basi upesi. Simama hapo, usubiri swali lake.

Mimi mama yako,
Mama Editha